Tulichagua wakili wa ploti kwa kuangalia tumbo, mwishowe nikala nyama kwa niaba yake

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi naitwa Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na simu hii ni yangu mwenyewe, sijaazima kwa mtu. Nimekuwa nikiwasoma kimya kimya siku nyingi, nikicheka peke yangu jikoni mpaka majirani wakaanza kuniulizia afya. Leo naandika. Yote nitakayosema yalinipata mimi pale Makindu, miaka ya hamsini, na kukiwa na neno la uongo ndani yake basi miwani yangu ianguke kwenye sufuria ya maragwe.

Nimechokozwa na kijana mmoja humu anayenunua ploti kule Salama. Ameuliza maswali ya maana. Wakili wa ploti anachaguliwaje? Mnunuzi na muuzaji wanaweza kutumia wakili mmoja? Lazima wakili afike kwenye ploti au akae tu ofisini? Na mbona wanachukua muda mrefu hivyo?

Mmemjibu, kila mtu na ujuaji wake. Kuna mmoja amemwambia aangalie wakili ana nyota ngapi kwenye mtandao.

Sisi tuliangalia tumbo.

Tulieni niwaeleze.

Nilikuwa nimeolewa kanisani na Musyoki, fundi wa cherehani, mtu mpole kiasi kwamba akimchoma mteja kwa sindano ni yeye aliyesema uui. Tulikaa kwa wazazi wake, mwendo mzuri kwa miguu kutoka Makindu. Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja, na mlango wake ulitazamana na jiko la mama mkwe.

Sasa, mama mkwe. Alikuwa mchapa kazi, mkarimu kwa wageni, mwimbaji mzuri kanisani, na neno hodi hakuwa amewahi kulisikia. Nikisuka kiondo, ameingia. Nikioga kwenye karai, ameingia, anauliza chumvi iko wapi. Siku moja aliingia tukiwa tumelala, akamwambia Musyoki ainue miguu, akachukua blanketi akaenda nalo kwa sababu kumetokea mgeni. Mimi nikabaki nimekaa kitandani nikitazama mlango aliouacha wazi.

Nilitaka mlango wangu, wakuu. Sikutaka dhahabu wala gari. Mlango ambao mtu akifika anasimama nje kwanza.

Musyoki alishonea nguo kwenye baraza la duka la Bwana Omari pale Makindu. Bwana Omari alikuwa Mwislamu wa asili ya pwani, babu yake alikuja Kitui na biashara akakaa huko huko. Mtu wa heshima sana. Alizungumza Kiswahili kizuri mpaka chetu kikaonekana kama tumekiokota njiani. Ndugu zake walikuwa Kitui mjini na sasa walimtaka arudi wakae pamoja, kwa hivyo alikuwa anauza ile ploti yake, duka na yote.

Akamwambia Musyoki, "Mwanangu, baraza umelikalia siku nyingi. Kwa nini usiikalie na nyumba?"

Niliposikia nilienda kuiangalia kwa macho mapya. Duka mbele, vyumba viwili nyuma, mabati juu. Na mlango wa nyuma ulikuwa wa mbao nzito, una komeo kwa ndani. Nililifunga nikalifungua, nikalifunga tena. Bwana Omari aliniuliza kama nimekwama.

Kulikuwa na shida moja. Mchinjaji mmoja wa Emali naye aliitaka ile ploti. Bwana Omari alitupa sisi nafasi ya kwanza, lakini alisema wazi kwamba siku lori la kumhamisha litakapokuja, mambo yawe yamekwisha. Yasipokwisha atamuuzia mchinjaji jioni hiyo hiyo, maana hawezi kukaa Kitui na huku duka liko Makindu linachezewa na mbuzi.

Baba mkwe, Mzee Kilonzo, ndiye aliyekuwa ananunua, halafu ploti iandikwe jina la Musyoki. Yeye alikuwa mzee wa kanisa na alipenda mambo ya kisasa. Akasema ploti ya soko ina makaratasi, kwa hivyo lazima tutafute wakili.

Lakini kulikuwa na binamu yake mkubwa, Mzee Ndambuki. Huyu ndiye aliyekuwa amesimamia mipaka yote ya upande wetu. Ukigombana na jirani juu ya shamba, unamwita Ndambuki, anakuja na fimbo na kofia, anatembea, anakohoa, kesi inaisha. Yeye akasema karatasi ni sawa, hana neno, lakini mbuzi yuko wapi?

Vijana wa siku hizi niwaeleze. Kwetu ardhi ikibadilisha mkono, mnatembea mpaka wote pamoja na mashahidi, halafu mbuzi anachinjwa na mashahidi wanamla pale pale juu ya udongo wenyewe. Aliyekula hawezi kuja kesho kusema hakuona. Shahidi mkuu anapewa bega. Na mtu ambaye hakula hahesabiwi kuwa alikuwepo, hata kama alisimama hapo kutwa nzima ameshika mwavuli.

Wakapatana. Kutakuwa na karatasi na kutakuwa na mbuzi. Na kwa kuwa wakili ndiye atakayeweka sahihi kubwa, wakili ndiye shahidi mkuu, bega ni lake. Kwa hivyo atafutwe wakili anayejua kula.

Siku hizo Makueni yetu ilikuwa chini ya Machakos, kwa hivyo baba mkwe, Ndambuki na Musyoki walienda Machakos kuchagua. Haya Musyoki alinisimulia huku akishikilia ukuta kwa kucheka.

Wakili wa kwanza alikuwa mwembamba. Ndambuki hakuingia hata ndani. Alimtazama kutoka mlangoni akasema, "Huyu tukimpa bega, bega litambeba yeye."

Wa pili alikuwa na mwili wa kutosha, lakini alipokunywa maji Ndambuki aliona anameza kidogo kidogo. Akasema koo lake ni jembamba na wakatoka.

Wa tatu alikuwa Bwana Ratilal, Mhindi wa makamo. Tumbo lake lilikuwa limekaa juu ya meza pamoja na mafaili. Aliposalimia, karani wa chumba cha pili aliitika. Ndambuki alimshika mkono, akaupima unene wake pole pole kama anayenunua fahali, halafu akamgeukia baba mkwe na kumwambia kwa Kikamba, "Huyu amekula mbuzi wa mipaka mingi."

Na hapo ndipo uchaguzi ulikwisha. Hakuna aliyemuuliza amefanya kazi hiyo miaka mingapi, hakuna aliyeuliza ameshughulikia ploti gani. Tumbo lilikuwa limejibu yote.

Swali la wakili mmoja au wawili lilikuja hapo hapo. Bwana Ratilal aliuliza, "Mimi iko wakili ya nani? Ya mtu nanunua ama ya mtu nauza?"

Ndambuki akajibu, "Wewe ni wa mpaka."

Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba kila upande unafaa kuwa na wakili wake, kwa sababu siku mkikosana yeye hawezi kuvuta kamba pande zote mbili. Ndambuki hakupenda. Alisema mawakili wawili ni midomo miwili, na midomo miwili itatoa hadithi mbili za ploti moja. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Bwana Ratilal akasema atakuwa wakili wa mnunuzi, na Bwana Omari atatia sahihi kwamba ameambiwa anaweza kutafuta wake na amekataa mwenyewe. Kijana wa Salama, hapo rudia kusoma.

Halafu tukaanza kungoja.

Bwana Ratilal alisema anafanya uchunguzi. Ndambuki alikasirika. "Anatafuta nini, na ploti iko pale? Imetoroka?" Kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta kama kweli ni ya Omari, kama kuna mtu mwingine anaidai, na kama Bwana DC, mkuu wa wilaya, amekubali ihamishwe. Mambo ambayo sisi tungeyajua baada ya kulia.

Wakati huo wote mama mkwe aliendelea kuingia. Alikuwa ananiambia, "Nyumba ya mabati itawachoma kama mahindi, mtarudi." Na mimi tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana, maana nilikuwa na mimba ya kwanza, kwa hivyo sasa aliingia hata zaidi, kuja kuangalia kama nimekula.

Samahani wakuu, nilienda kupunguza moto. Miwani bado iko usoni.

Kuna mmoja ameandika hapo chini kwamba nyanya zetu hawakuwa na maneno mengi. Mjukuu wangu, hukukutana nao.

Naendelea.

Siku ya lori ikafika. Lori lilikuwa limesimama mbele ya duka tangu asubuhi, vitu vya Bwana Omari vinapakiwa, na dereva ni mtu wa haraka, anapiga honi kila akikumbuka. Na ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la kinyozi, alikuwa amekaa yule mchinjaji wa Emali, amevaa kofia mpya, amekunja mguu. Alikuja tu kuangalia kama tutashindwa.

Treni ilileta Bwana Ratilal, lakini hakuja moja kwa moja. Alienda kwanza kwenye hekalu la Kalasinga, pale ambapo msafiri yeyote anapewa chakula bila kuulizwa ni wa wapi. Akakaa huko muda. Alipokuja alikuwa anatembea pole pole, anajipangusa midomo kwa kitambaa. Ndambuki akasema mtu mwenye njaa kama hiyo ni wa kuaminika, ameanza na huko na bado atakula na hapa.

Wakatembea mpaka. Ndambuki alikuwa mbele na fimbo. Bwana Ratilal alikuwa nyuma na ramani na kamba ya kupimia, akitafuta mawe ya serikali kwenye nyasi, suruali yote imejaa mbigiri. Kila alipopata jiwe alifurahi kama mtoto. Na alipopata jiwe la mwisho alisimama, akapima, akapima tena, halafu akamwita Bwana Omari.

"Hii choo," akasema, "hapana ndani ya ploti. Hii choo iko kwa ardhi ya reli."

Watu wote wakakitazama choo. Bwana Omari alishika ndevu zake. "Choo hiki alikijenga marehemu baba," akasema. "Astaghfirullah, miaka yote hiyo."

Ndambuki naye alitazama pembeni, maana yeye alikuwa amekwisha kupita hapo na fimbo na kukihesabu choo ndani.

Mama mkwe alikuwa amekuja kupika pamoja nasi wanawake. Yeye hakutazama pembeni. Alinikaribia akaniambia, "Unahamia nyumba haina choo. Sawa. Changu hakiendi mahali, utakuja kuazima."

Lakini wakili alikuwa amekwisha kukaa juu ya sanduku anaandika. Bwana Omari atatuachia mbao na mabati ya kile choo, na Musyoki atachimba kingine ndani ya mawe. Baada ya hapo wazee wote walimtazama kwa heshima mpya. Baba mkwe alisema kwa sauti kwamba Mungu amewaongoza Machakos. Ndambuki alisema yeye ndiye aliyewaongoza.

Mbuzi sasa. Bwana Omari ndiye aliyechinja, ili naye aweze kula. Baba mkwe akaomba, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa aliombea ploti, mawe, serikali, choo kinachokuja, na dereva wa lori apewe subira. Pombe haikuwepo kwa sababu yake, na Ndambuki alikuwa amelalamika juu ya hilo wiki nzima. Lakini nyama iliiva vizuri. Hilo nalijua, nilikuwa kwenye moto.

Ndambuki akakata bega lote. Akalileta kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaliweka mbele ya Bwana Ratilal juu ya majani.

Bwana Ratilal alirudi nyuma pamoja na sanduku lake.

"Mzee, asante sana," akasema. "Mimi hapana kula nyama."

Ndambuki alidhani ni adabu, akamsogezea.

"Hapana kula kabisa. Toka zaliwa. Baba yangu hapana, babu yangu hapana. Dini yetu."

Ndambuki akanyoosha fimbo, hakumgusa, akaelekeza tu lile tumbo. "Na hii?"

"Hii samli," akasema Bwana Ratilal. "Na jalebi, sukari tupu."

Wakuu, nilikuwa nimeshika kijiko na nikasahau ni cha nini. Ndambuki alikaa chini. Nafikiri alikuwa anakumbuka yule mwembamba wa kwanza, ambaye labda alikuwa anamaliza mbuzi mzima peke yake.

Baba mkwe akajaribu. "Basi kuku. Kuku si nyama."

"Kuku nyama, baba."

"Yai?"

"Hapana."

"Alambe chumvi iliyobaki kwenye sufuria," akasema mtu nyuma. "Anuse," akasema mwingine. Ndambuki akatikisa kichwa kwa yote. Shahidi mkuu akikataa bega mbele ya watu, maana yake ameona kitu kibaya kwenye ule udongo. Hakuna mzee atakayekula baada yake, na bila wazee kula hakuna ploti. Hata baba mkwe na usasa wake wote hakuthubutu kununua ardhi ambayo ndugu zake hawakuilia mbuzi. Wangemwambia mpaka kaburini kwamba alinunua hewa.

Dereva akapiga honi. Ng'ambo ya barabara mchinjaji wa Emali akasimama, akajinyoosha, akarekebisha kofia.

Mimi niliingia kwenye kile chumba cha nyuma nikasimama mbele ya mlango wenye komeo, nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kama mtu anayeaga ndugu.

Niliporudi nje Bwana Ratilal alikuwa ametulia, anatazama wazee mmoja mmoja. Wao walikuwa wameshika nyama mkononi wakingoja. Halafu akauliza, "Huyu mzee Ndambuki, yeye nakula wapi? Mimi naona nyama yake iko kwa huyu ndugu yake."

Ni kweli. Kila mtu wa kwetu alilijua hilo na hakuna aliyewahi kulifikiria. Ndambuki hakuwa na jino hata moja. Kwa mipaka mingi sasa, nyama yake ilikuwa inatafunwa na mdogo wake, yeye akikaa kando na kusema kwamba imeiva.

Ndambuki alijikuna. "Mimi nimempa ruhusa anilie. Mdomo ni wake, lakini mlaji ni mimi."

Bwana Ratilal alitabasamu hadi masikioni. Akafungua mkoba. "Kwa sheria hiyo naitwa power of attorney, mtu nafanya kwa niaba ya mwingine," akasema. "Mimi naandika sasa hivi."

Wazee wakashauriana, na kwa kweli hawakuwa na pa kushika, kwa sababu wakikataa mdomo wa wakili itabidi wakatae mdomo wa Ndambuki na mipaka yote ya kwetu ianze upya. Wakakubali. Lakini Ndambuki akaweka masharti. Mtu huyo asiwe wa nyumba ya mnunuzi wala ya muuzaji. Na awe anajulikana kwao, siku ya kesi apatikane.

Hapo tukakwama tena. Dereva wa lori ni wa Omari. Wazee wote ni wa Kilonzo. Wapita njia hakuna anayewajua. Mtu mmoja alimtaja mchinjaji wa Emali na akaambiwa anyamaze.

Ndipo mama mkwe akasema, kutoka kwenye moto, bila hata kuinua macho, "Kama mnatafuta asiye wetu, si huyu hapa na kijiko. Ntheo yake bado hatujapeleka."

Ngoja niwaeleze ntheo. Ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa baba wa msichana. Kabla hawajaenda, unaweza kuwa umeolewa kanisani kwa keki na kwaya, lakini mbele ya wazee wa Kikamba wewe bado ni mtoto wa baba yako, na hata utakaowazaa ni wa baba yako. Baba mkwe alikuwa akisema kanisa linatosha, akaahirisha na kuahirisha. Na mama mkwe kila akinikasirikia alinikumbusha.

Liliniuma. Kusemwa hivyo mbele ya watu, na mimba yangu, na moshi machoni. Musyoki alifungua mdomo kunitetea na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamkanyaga mguu. Kwa sababu nilikuwa nimeona lile komeo.

Nikasema, "Ni kweli. Mimi si wao."

Bwana Ratilal aliandika haraka. Kwamba mimi Nduku, ambaye wazee wamekiri kuwa si wa nyumba ya mnunuzi wala ya muuzaji, nimepewa uwezo wa kula bega kwa niaba yake, nyama ile na siku ile tu, na uwezo huo utakwisha nikimeza. Akawasomea. Wazee wakaweka vidole mmoja baada ya mwingine. Hata baba mkwe alitia sahihi yake nzuri ya kanisani.

Mnafikiri imekwisha? Haijaisha.

Kwetu mkaza mwana hali mbele ya baba mkwe. Ni heshima, tunaiita nthoni, na mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu. Kwa hivyo nilichukua bega nikageukia ukuta, nikajifunika leso kichwani, nikaanza.

"Hatuoni kama anameza," akasema Ndambuki.

"Yeye hawezi kugeuka, kuna mkwe wake hapa," akasema mdogo wake.

"Kama si wetu, mkwe wake ni nani?"

Wakaanza kubishana hilo. Bwana Ratilal, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote Makindu, akaja akasimama kati yangu na ukuta, akiwa amefumba pua kwa kitambaa, na kila nilipomeza aliwatangazia wazee, "Nameza. Nameza tena." Maskini, jasho lilikuwa linamtoka. Sijui ni nani kati yetu aliyeteseka zaidi siku hiyo, maana bega la mbuzi ni kubwa, wakuu, na mtoto alikuwa amebana tumbo.

Nilipomaliza aliandika kwamba ameshuhudia. Wazee wakala. Bwana Omari akatia sahihi, akampa Musyoki ufunguo, akatuombea heri, akapanda lori na kwenda zake Kitui. Mchinjaji wa Emali alivuka barabara, akaomba mfupa, akapewa. Alisema mbuzi alikatwa vibaya.

Tukahamia. Musyoki akaanza kuchimba choo, na safari hii Ndambuki alikuja mwenyewe kuangalia mawe.

Sasa sikilizeni hili la mwisho.

Siku chache baadaye wazee waliamka na wasiwasi. Sijui ni nani aliyeanza kuwaza. Lakini walikumbuka kwamba wameweka vidole, mbele ya wakili, kwenye karatasi ya serikali inayokaa Machakos, kwamba mke wa Musyoki si wao. Na mke huyo ana mimba. Na baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kulala, angeweza siku yoyote kwenda kuomba nakala.

Mama mkwe ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amemgawa kwa mdomo wake mwenyewe, karibu na sufuria.

Asubuhi moja nilikuwa ndani, nimefunga komeo, sina kazi yoyote, nimelifunga tu. Nikasikia mbuzi nje. Nikachungulia. Alikuwa mama mkwe, na mbuzi wa ntheo kwa kamba, na wazee nyuma kabisa wanahema, Ndambuki wa mwisho. Alikuwa amewatoa kitandani wote, wapeleke mbuzi kwa baba yangu, na njia ilipita kwangu, kabla jua halijakuwa kali.

Alikuja mpaka mlangoni. Akausukuma, haukufunguka. Akausukuma tena.

Halafu akasimama. Nilisikia anapumua. Na akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua, "Hodi."

Wakuu, nilisimama pale na mkono juu ya komeo. Nilimpenda sana dakika ile, sitaki kuwadanganya. Lakini nilinyamaza mpaka aseme mara ya pili.

"Hodi, mwanangu. Nimetembea tangu alfajiri. Hiki choo chenu kimekwisha?"

Nikafungua. Nikampeleka. Kipya, ndani ya mawe. Alikaa huko muda mrefu, na mimi nikashika kamba ya mbuzi wangu.

Basi kijana wa Salama, nilichojifunza ni hiki. Tafuta wakili wako mwenyewe, usipewe na muuzaji. Mtoe ofisini, atembee kwenye ploti mpaka apate mbigiri, na umuulize choo ni cha nani. Akichukua muda akichunguza, mwache achunguze. Na majirani pia waone, karatasi peke yake haina macho. Na kabla ya yote, muulize anakula nini.

Mwenye swali aandike hapa chini. Mwenye kunibishia pia aandike, nina bando na maragwe bado hayajaiva. Ila mtu akiingia kwenye uzi wangu, aseme hodi kwanza.